Samaki wa Kauchu Hashikwi Mkia

Msimshike mkia. Naanza na hilo kwa sababu siku mliyoniaga niliwaona wawili mmesimama nyuma ya meza ya duka, kila mmoja anamning'iniza samaki wa kauchu, chambo cha raba cha kuvulia, kwa mkia kama panya aliyenaswa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kunywa soda yenu, kwa hiyo sikutaka kugombana. Sasa niko nyumbani Saio, hapa Bunia, miguu juu ya kigoda, na nina muda wa kugombana kwa maandishi. Mkia ndio unaofanya kazi. Ukivutwavutwa na vidole vya kila mteja unapoteza umbo lake, na samaki wa kauchu asiyetikisa mkia ni kipande cha raba chenye macho.

Mliniomba niwaandikie namna ya kumchagua. Nitaandika, lakini nitaandika jinsi nilivyojifunza, yaani polepole na kwa kuzunguka. Mambo ya mishahara na vyeo nayaacha. Duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine, na sikuwahi kusikia mtu akilalamika kwamba vimemchanganya.

Nilipoingia kazini nilijua samaki aliyekwisha kufa. Nimezaliwa upande wa Mahagi, mama yangu alikausha na kuuza, na kwa kunusa tu ningeweza kukuambia kama samaki ameona moshi wa kutosha. Jinsi alivyotoka majini lilikuwa jambo la wanaume. Siku ya kwanza Muzee Ukumu, aliyekuwa muuzaji wa siku nyingi kuliko wote, alinipa rundo la uzi uliosokotana na akaniambia niutatue. Nilishinda nalo chini, pale penye mwanga wa mlango, na wateja wakinipita juu ya kichwa. Jioni nilimletea uzi umenyooka, mrefu, safi. Akautazama, akautupa kwenye takataka. Ulikuwa umeoza tangu zamani. Alitaka kujua kama nina subira, kwa sababu mengine yote, alisema, yanafundishika.

Muzee Ukumu alikuwa amevua ziwani ujana wake wote mpaka mgongo ulipomkatalia kuinama. Mtu wa kanisa sana, na mwenye ulimi. Wateja walimpenda kwa vyote viwili. Mtu akiingia na kunyoosha kidole kwenye samaki mwekundu mwenye madoa ya dhahabu, Muzee hakumbishia. Alimuuliza kwa upole, "Weye unataka kushika kapitene, ao unataka bibi yako aseme iko muzuri?" Watu walicheka, wakarudisha yule mwekundu, wakauliza swali la maana. Dereva mmoja tu wa njia ya Niania alikataa katakata kumrudisha. Alimfunga kwenye kioo cha lori lake na kila alipopita Bunia alitujulisha kwamba anamletea bahati. Sikumpinga. Pengine kwenye ile barabara hata raba inasaidia.

Kapitene, kwa mgeni asiyemjua, ni yule samaki mkubwa wa ziwani ambaye kwingine humwita sangara. Anakula samaki wenzake, na kwa hiyo unaweza kumdanganya kwa samaki asiye samaki. Hapo zamani tuliuza ndoano, nyuzi na nyavu tu. Samaki wa kauchu walikuja baadaye kutoka ng'ambo, ndani ya maboksi, wakinuka kitu kati ya pipi na dawa ya viatu. Mwenye duka alidhani ni michezo ya watoto. Muzee alimchukua mmoja, akamchomeka kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi, akamtumbukiza ndani ya pipa la maji ya mvua nyuma ya duka na kumvuta taratibu. Mkia ukaanza kupiga. Muzee akasema kama angalikuwa naye enzi zake, mgongo wake ungalikuwa mzima.

Basi sikilizeni aliyonifundisha pale kwenye pipa. Kwanza muulizeni mteja maji yalikuwaje, kabla hamjamuuliza fedha. Kama anavua mbali, maji yakiwa safi, mpeni mweupe au wa rangi ya fedha, mwenye mgongo wa kijivu, anayefanana na dagaa. Kama mvua imenyesha na mto umemwaga tope ziwani, mweupe anapotea humo, mpeni mweusi au wa zambarau iliyokolea, ili kapitene aone walau kivuli. Upepo ukiwa mkali, kichwa kiwe kizito. Ukitulia, kiwe chepesi, ashuke kama aliyechoka. Ndoano itoke katikati ya mgongo, sawasawa. Ikitoka kombo samaki atazunguka na uzi utasokotana, na nimekwisha waambia nilivyoshinda siku nzima na uzi uliosokotana.

La pili ni hili, na wengi wenu mnalisahau kwa sababu taa ya duka ni nzuri. Msimchague samaki wa kauchu akiwa amelala kiganjani. Kiganjani unamwona kwa juu, na hakuna kapitene anayekaa juu. Tokeni mlangoni, mwinueni kuelekea mbinguni, mtazameni tumbo lake. Hivyo ndivyo anavyoonekana na yule atakayemla. Wapita njia walizoea kutuona mimi na Muzee tumesimama mlangoni, tumeinua raba juu, vichwa nyuma. Kuna waliodhani ni aina ya sala.

Mengine ni ya kuhifadhi. Usiweke mwekundu na mweupe kopo moja, mwekundu anachuja na kesho wote wana surua. Usimguse ukiwa umetoka kumwaga mafuta kwenye injini, kapitene ana pua. Na akipinda mkia, usimtupe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu wetu usimkunje, awe mbichi awe mkavu. Ila akishapinda, chemsha maji, mshike kichwa kwa waya, mwache mkia uning'inie ndani ya maji ya moto muda wa Salamu Maria moja, kisha mtie kwenye maji baridi akiwa amenyooka. Muzee alipima kila kitu kwa Salamu Maria. Chai ya duka ilikuwa mbili.

Muzee alifariki akiwa bado anakuja dukani, ingawa alikuwa amekwisha acha kazi. Tulimzika kwao, kando ya ziwa. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba mzazi, na wanaoshangaa washangae. Nilibaki na meza yake na pipa lake, miaka mingi. Nimewahudumia wavuvi wa Tchomia, wazazi kisha watoto wao. Lakini mkiniuliza kesi gani ilikuwa ngumu kuliko zote, ilikuja mwishoni, mwaka wangu wa mwisho, na haikuletwa na mvuvi.

Aliitwa Ngabu. Mkulima wa Djugu, maharagwe na mahindi, mtu mzima mwenye mikono mipana. Vita vilikuwa vimewatoa kijijini, yeye na mkewe Mama Neema na watoto, wakaja kukaa kwenye kambi ya waliokimbia, hapa mjini. Waliishi kwa kile kilichogawiwa, siku kilipogawiwa. Shemeji yake wa mbali alimwombea nafasi kwenye pirogi moja, mtumbwi wa kuvulia, kule Tchomia ziwani. Mwenye pirogi alikubali kwa masharti: kila mvuvi aje na vifaa vyake, na Ngabu ajaribiwe mpaka Pasaka. Ikifika Pasaka hajaonyesha kitu, nafasi yake anapewa mpwa wa mwenye pirogi, kijana wa watu aliyekuwa anaisubiri. Ngabu alinieleza haya yote kabla hata ya kutazama bidhaa. Alitaka nijue ninamuuzia nani.

Mkewe ndiye aliyechagua. Nimeona mikono mingi juu ya ile meza lakini sijaona kama ile. Alimpima kila samaki kiganjani, akambonyeza kwa ukucha wa dole gumba, akampeleka mwangani, akamrudia. Wenye kasoro ndogo, pua iliyochongoka vibaya, mkia mwembamba upande mmoja, aliwaweka kushoto. Wazima, wanene, wenye mgongo wa kijivu, kulia. Hakuwahi kuvua hata siku moja. Nilimwambia anafaa kuchukua kazi yangu. Alitabasamu kidogo, akaniomba niwafunge wa kushoto na wa kulia mbalimbali. Nilifunga. Sikuuliza kwa nini.

Ngabu akaenda ziwani, familia ikabaki kambini. Kwaresima ikaanza, ikakaribia kwisha. Siku moja naye huyo mlangoni, ameteremka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye gunia la nyavu akashika tama, na nikamwacha kwanza anywe maji.

"Mama, kapitene zinanikatala," aliniambia. "Zinapita karibu yangu, zinaenda kwa wengine. Wenzangu wameanza kusema mimi niko na mukosi. Muntu akisemwa vile mu pirogi, iko amekwisha."

Nikamwomba kopo lake. Nilipofungua nilipigwa na butwaa. Ndani yake kulikuwa na samaki wa kushoto watupu, wale wa pua mbaya na mikia myembamba, tena wametumika mpaka wamechanika. Yule mtu alikuwa amevua tangu mwanzo kwa takataka. Nikamuuliza wale wazuri, wale wa mgongo wa kijivu, wamekatwa na mawe? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama amemuuza mtoto.

"Hapana. Ziko ku nyumba. Tuliweka."

Nilimtuma akamwite mkewe. Walirudi pamoja, Mama Neema amebeba chungu kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa. Kilikuwa kimening'inizwa juu ya jiko, kwenye moshi, kama kwao wanavyoning'iniza mahindi ya kupanda. Ndani kulikuwa na majivu yaliyochekechwa vizuri, na ndani ya majivu walikuwa wamelala samaki wangu, mmoja mmoja, kwa safu. Ndivyo wanavyohifadhi maharagwe ili mdudu asiyatoboe. Joto la jiko lilikuwa limewalainisha. Mikia ilikuwa imepinda kila upande, na wawili watatu walikuwa wameshikana tumbo kwa mgongo.

Kweli mwanzoni nilitaka kucheka, na namshukuru Mungu kwamba sikucheka. Niliuliza tu, taratibu, kwa nini wazuri ndio wamebaki nyumbani. Ngabu alitazama chini. Ni mkewe aliyejibu.

"Ku kwetu hatukulaka mbegu, mama. Zile za muzuri unaweka, zenye kubaki ndiyo unakula. Siye tulikimbia bila mbegu. Njaa, tulishazoea. Lakini nyumba yenye haina kitu ya kesho, ile ndiyo ilinishinda. Nilipoona hizi, nikasema: hii tutaweka."

Nilikaa kwenye gunia kando ya mumewe. Alijua vizuri kwamba raba haioti, msimdhanie mjinga. Lakini mwanamke aliyezoea kuinua macho kila asubuhi na kuona akiba yake juu ya jiko, alikuwa ameamka miezi mingi akiona turubai tupu. Akapata kitu kilichokuwa kizima, kizuri, chake, cha kuchagua kwa mikono yake. Akakiweka pale pahali pa mbegu.

Hata hivyo Pasaka ilikuwa inakuja. Nilimweleza kwamba hawa wa kulia ndio wanaoweza kumletea mumewe kapitene, na kwamba hakuna njia ya kuwatumia na kuwaweka. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekishika kile chungu tumboni kwa mikono miwili.

"Na kama inapotea mu maji," akasema, "tutabaki na nini?"

Nilimwambia, kama anapotea kwa sababu ameliwa, mtabaki na yule aliyemla. Akauliza, na asipoliwa? Nikamwambia basi mtabaki kama mlivyo leo, sitawadanganya. Nafasi kwenye pirogi ilikuwa ya mumewe, lakini chungu kilikuwa cha mkewe, na wote watatu tulijua hivyo. Mteja mmoja aliingia, akatutazama, akatoka tena. Kisha Mama Neema akakiweka chungu juu ya meza na kuondoa kitambaa mwenyewe.

Tulichemsha maji kwenye sufuria ya chai. Tuliwaosha majivu bila sabuni, nikawaonyesha waya na namna ya kushika kichwa. Nilimwambia Mama Neema habari ya Salamu Maria. Yeye si Mkatoliki, akapima kwa ubeti mmoja wa wimbo wa kwao, aliouimba chinichini, na ninakiri mikia yake ilinyooka vizuri kuliko yangu. Wale walioshikana tuliwatenganisha kwa kisu, mmoja akapasuka. Majivu yalikuwa yamewaondolea mng'ao wote, wakabaki wakavu wa rangi, kama waliozeeka. Sikujua kama hiyo ni hasara au faida. Muzee hakuwahi kunifundisha habari ya majivu. Ngabu nilimpeleka mlangoni, nikamwonyesha kuinua samaki kuelekea mbinguni, na nikamkaririsha maswali ya maji mpaka akanijibu bila kusita.

Jioni hiyo walitoka na kopo. Chungu Mama Neema alikibeba kitupu, ameining'iniza ile kamba yake mkononi. Nilimtazama mpaka alipopinda kona.

Wiki Takatifu nilifanya kazi vibaya. Nilimuuzia mtu risasi nzito siku isiyo na upepo, ninyi wawili mnakumbuka, mlinicheka. Kila pikipiki iliyosimama nilidhani ni Ngabu. Mama Neema alipita mara moja, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa, akaenda zake. Hatukuwa na simu ya kumpigia. Ya Ngabu ilikuwa imelala bila moto wa betri tangu zamani. Pasaka yenyewe nilienda misa na sikusikia mahubiri.

Alikuja Alhamisi iliyofuata, akiwa na mkewe. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akanisimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama mkulima anavyosimulia msimu. Siku za kwanza za Wiki Takatifu, samaki wawili walikatwa na mawe. Ijumaa Kuu pirogi haikutoka. Jumamosi ilikuwa ya mwisho, na maji nje ya mdomo wa mto yalikuwa yamesafika. Aliinua mmoja juu, akatazama tumbo lake, wenzake wakamcheka kwamba anaomba mvua. Alimchagua yule aliyenyooshwa na mkewe, akamshusha, akamwacha ashuke kama aliyechoka. Alipomvuta, kitu kilimvuta yeye.

Kapitene aliyemtoa, alinionyesha urefu wake kutoka sakafuni mpaka kwenye kiuno. Samaki wa kauchu alikuwa ndani kooni, amekatwa vipande viwili, hakufaa tena. Walivua wengine baadaye, wadogo, yeye na wenzake. Mwenye pirogi alishika kasia tu. Hakumpongeza, hakumlaumu, na pale pwani aligawa samaki akaondoka. Kwa hiyo Pasaka nzima Ngabu hakujua kama ana kazi au hana. Kapitene mmoja siku ya mwisho, aliniambia, unaweza kumhesabu kama kitu, unaweza pia kumhesabu kama bahati. Ilikuwa kwa mwenye pirogi kuamua, na mpwa ni damu.

Jumatatu alfajiri alishuka ziwani hivyohivyo. Alimkuta mpwa amefika kabla yake, amesimama kando ya pirogi na mfuko wake wa vifaa mgongoni. Wengine walikuwa wamekwisha keti. Ngabu alisimama mchangani, mbali kidogo, kwa sababu hakutaka kuonekana kama anayegombania. Alikuwa ameanza kufikiri jinsi atakavyomwambia mkewe. Hapo Mama Neema, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kuisikia habari hii yote, alimgusa mkono ili aendelee. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kulia na wala sikujificha.

Mwenye pirogi alikuwa ameinama anafunga kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Ngabu, ikaa," alisema. "Uko nachelewesha bantu."

Ngabu akaketi. Mpwa akaweka mfuko wake chini, akawasukuma mpaka majini.